Taa za chini ya maji kwenye boti za burudani: zifungwe au ziachwe?

Mwenye boti ya matembezi Entebbe, Munyonyo au Ggaba, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, akipata pesa ya ziada, siku hizi jambo moja analoshawishiwa kulifanya ni kufunga taa chini ya maji, zile zinazofanya boti ionekane kama inaelea juu ya mwanga. Wanaozitaka wanasema zinaleta wateja. Wanaozipinga wanasema ni kutoboa chombo kizima kwa ajili ya pambo. Nimesikiliza pande zote mbili na naona kila upande una haki yake, ila wote wanasahau kwamba taa hizi zilibuniwa kwa ajili ya bahari, na kwamba usiku Ziwa Victoria lina watu wengine walio kazini.

Hoja za wanaozitaka hudharauliwa haraka mno. Boti ya jioni huishi kwa kupendeza. Watu wanaoikodi kwa sherehe ya kuzaliwa wanalipia mandhari sawa na wanavyolipia muziki na sato wa kuchoma. Kuna pia faida ya usalama isiyosemwa sana: boti ikiwa imetia nanga, mtu akateleza kwenye ngazi ya nyuma, mwanga ulio kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, unaonyesha mtu alipo na pangaboi lilipo. Usiku usio na mwezi, kichwa cha mtu kilicho mita chache tu kutoka kwenye boti hakionekani. Na aliyewahi kuwasha taa kali juu ya sitaha msimu wa sami, wadudu wadogo wa ziwani, anajua jinsi wadudu hao wanavyojaa kwenye vinywaji na machoni. Taa iliyo chini ya maji haipeleki mwanga mwingi hewani, kwa hiyo angalau haiwaiti kwa fujo ileile.

Tatizo la kwanza ni rangi. Madukani bluu ndiyo inayosifiwa, na baharini ni kweli: kwenye maji maangavu, bluu hupenya mbali kuliko rangi nyingine. Ghuba ya Murchison, iliyo kando ya Kampala, si hivyo. Mfereji wa Nakivubo unaleta humo maji machafu ya Kampala, na rutuba ile inalisha mwani mpaka maji yanakuwa ya kijani. Mwani hunyonya mwanga wa bluu na wa nyekundu, ukaacha wa kijani upite. Kwa hiyo taa ya bluu ya bei kubwa, ikiwashwa Port Bell, bandari iliyo ndani ya ghuba hiyo, inatoa wingu hafifu kandokando ya boti na basi. Ya kijani yenye nguvu hiyohiyo itafika mbali zaidi. Hata hivyo hakuna rangi itakayoyafanya maji yale yawe kama ya Zanzibar, na fundi mkweli amwambie mteja hivyo kabla hajatoa pesa.

Tatizo la pili ni tundu, na hapa sitaki tupite haraka. Taa hizi ziko za aina mbili. Moja hupita katikati ya bodi, nayo inahitaji tundu kubwa chini ya mstari wa maji kwa kila taa. Nyingine hubandikwa juu ya bodi kwa skrubu, ikabaki kupitisha waya tu. Tundu la milimita 10 lililo sentimita 30 chini ya maji, likiachwa wazi, huingiza karibu lita 7 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 400 kwa saa. Hilo ni tundu la waya, si la taa. Kwenye boti ya faiba yenye mbao ndani ya tabaka zake kuna hatari ya polepole zaidi: maji yakipenya kidogo kandokando ya skrubu, mbao inaoza ndani huku nje rangi iking'aa. Fundi makini hupanua tundu, akaziba kingo zake kwa resini, akangoja ikauke, ndipo akatoboa tena ndani ya resini hiyo na kuweka gundi ya baharini. Kazi hiyo inataka boti iwe nchi kavu kwa muda, si mchana mmoja pale mwaloni. Na boti ya mbao, ambayo ubao wake hupanuka na kusinyaa, mimi nisingeitoboa kabisa chini ya maji kwa ajili ya taa.

Umeme nao una hesabu yake. Taa nne za wati 30 kwenye betri ya volti 12 zinavuta ampea 10. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu, inazipa taa hizo saa 5, na hapo hatujagusa spika wala friji. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka usiku na kuelekea alfajiri. Boti iliyokula betri yake kwa mapambo, kisha ikashindwa kuwasha injini upepo unapobadilika, iko mahali pabaya sana. Betri ya injini iwe yake peke yake, ya taa iwe nyingine, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Halafu wapo wavuvi. Wavuvi wa mukene hutoka usiku wa giza, wakaweka taa juu ya maji na kungoja dagaa wakusanyike. Mwanga ndio chambo chao. Boti ya starehe ikija kutia nanga jirani na taa zake nne kali, inawavuruga watu wanaotafuta ada ya shule. Wenye boti wengi hili hawalifikirii kwa sababu hawajawahi kulala ziwani wakisubiri wavu ujae. Kukaa mbali na taa zao hakugharimu kitu.

Boti ikiwa mwendoni, hoja za wanaopinga ndizo zinazoshinda. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini, za mwaka 1972, zinataka kuanzia machweo hadi macheo chombo kisionyeshe taa nyingine zinazoweza kudhaniwa kuwa ni taa za safari, au kuzififisha, au kuwazuia walio chomboni kuangalia mbele vizuri. Taa ya safari ya upande wa kulia wa chombo ni kijani, wa kushoto ni nyekundu, nyuma ni nyeupe. Sasa fikiria mawimbi yamevunja mwanga wa kijani kila upande wa boti: nahodha anayekuja atajuaje unaelekea wapi? Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini hatari wanayoikwepa huko iko hapa pia.

Siwezi kuandika haya nikaiacha MV Templar. Novemba 2018 boti hiyo ya starehe ilizama karibu na ufuko wa Mutima, Mukono, watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa na leseni, ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi okozi. Ndiyo maana nakasirika nikiona boti yenye muziki mkubwa na taa nzuri, huku majaketi ni machache kuliko abiria. Mwenye boti ya namna hiyo asiguse hela ya taa. Anunue majaketi, atengeneze pampu ya kutoa maji, ahakikishe taa za safari zinawaka zote.

Aliyekamilisha hayo, na boti yake ni ya faiba iliyo imara, sioni sababu ya kumzuia. Achukue taa mbili za kijani za kubandika, azifunge kwenye tezi, mbali na pangaboi, na waya upite juu ya mstari wa maji kila inapowezekana. Asiziwashe kwa muda mrefu boti ikiwa nchi kavu, kwa kuwa nyingi hupozwa na maji na bila hayo huungua. Na swichi yake isiunganishwe na ya taa za safari: iwe peke yake, mkononi mwa nahodha, aizime kabla nanga haijang'olewa.