Bunduki ya Dola 179 na Mhunzi wa Chini ya Mwembe

Mjomba wangu wa Sikonge, mkoani Tabora, alikuwa na gobore lenye kibali, kitako kilichofungwa kwa waya wa baiskeli, na mtutu ambao hakuna aliyejua asili yake. Lilipoharibika, alilipeleka kwa mhunzi aliyekaa chini ya mwembe, yule yule aliyeunga majembe na kunyoosha rimu za baiskeli. Mhunzi akaligeuza, akalinusa, akaligonga nyundo mara tatu, akalipwa kuku, na jioni hiyo hiyo gobore likalia. Ninamkumbuka mzee huyo kwa uchungu kwa sababu, baada ya miezi mitano ya kuhangaika na bunduki ndogo ya .22 niliyoinunua hapa Iowa, nimethibitisha kwamba Marekani, nchi inayokadiriwa kuwa na bunduki nyingi kuliko watu, haina mhunzi wa chini ya mwembe.

Niliinunua ikiwa mpya kwa dola 179, na dukani haikuwapo iliyoshuka chini ya hapo isipokuwa ile ya kuchezea watoto. Nilijaza fomu namba 4473, nikaandika namba ya kadi yangu ya ukaazi, nikaulizwa kama mimi ni mtoro wa sheria (swali ambalo sidhani kama mtoro yeyote amewahi kulijibu kwa uaminifu), kisha muuzaji akawauliza FBI, ambao tangu 1998 hupekua mwenendo wa mnunuzi kabla hajakabidhiwa silaha. Baada ya dakika chache nikaruhusiwa. Serikali nzima ya Marekani ilinikubali kabla kahawa yangu haijapoa. Ni bunduki yenyewe iliyokuja kunikataa.

Kwa wasioifahamu, risasi ya .22 inayotumiwa na bunduki hii ni kidude chenye kichwa cha risasi cha gramu 2.6 hivi, ambacho muundo wake haujabadilika sana tangu 1887. Risasi kubwa huwa na kiwashio chake katikati ya kitako, mahali panapoonekana, lakini katika hii dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako cha ganda, na pini ya bunduki hulazimika kuuponda ukingo huo ndipo moto uwake. Kiwandani dawa hiyo huzungushwa kwa kasi ili isambae kwenye ukingo wote, na kama mzungusho ulikwenda vibaya, upande mmoja hubaki mtupu. Ni sawasawa na kiberiti cha bei poa ambacho kati ya njiti kumi, tatu zina kichwa kisicho na dawa, tofauti ikiwa kwamba njiti isiyowaka huitupi huku ukiwa umeielekeza mbali na watu na kuhesabu hadi thelathini, ukihofia kwamba huenda imeamua kuwaka kwa kuchelewa.

Mimi nimehesabu hadi thelathini mara nyingi kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Nje kidogo ya mji, jirani yangu mmoja mzee ametugawia kipande cha shamba lake, na mke wangu amepanda humo mchicha na sukuma wiki, mboga ambazo sungura wa Iowa walizipokea kwa shukrani kubwa. Msimu wa kuwawinda ulipofunguliwa nilikata leseni, nikalala kifudifudi kwenye majani yenye umande, nikamlenga sungura mnene aliyekuwa akitafuna jasho la mke wangu, nikavuta kifyatulio. Ta! Si mlio wa bunduki; ni mlio wa mtu anayefunga sanduku. Sungura aliinua sikio moja, akanitazama, akaendelea. Nilipomaliza kuhesabu nilichomoa risasi, nikaona pini imeacha alama hafifu ukingoni kama kucha ya mtoto kwenye sabuni. Nikaigeuza robo mzunguko, kama ushauri wa wazoefu ulivyo, nikairudisha, nikavuta tena. Ta! Sungura akahamia kwenye mchicha.

Kwa kuwa nimetoka katika ukoo wa watu wasioogopa bisibisi, niliamua kuifungua mwenyewe juu ya meza ya jikoni. Skrubu mbili za kitako zilitoka bila ubishi. Nilipofika kwenye bolti, kile kipande cha chuma kinachobeba pini na kusukuma risasi mahali pake, springi moja nyembamba kama unywele, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu pekee ya bunduki ile iliyokuwa na nguvu, iliruka ikapita karibu na jicho langu na kupotelea upande wa jiko. Tuliitafuta siku mbili, mimi na watoto, kwa tochi na sumaku. Siku ya tatu mke wangu alikuwa akisonga ugali, akasimama ghafla, akainua mwiko na kusema kwa upole unaotisha, "Baba Neema, kitu chako hiki hapa." Niliiosha, nikairudisha mahali pake, na tatizo likabaki lile lile, isipokuwa kwamba sasa bolti ilikuwa na harufu ya dona.

Ndipo nikapiga simu kwa mtengenezaji. Jina lake silitaji, maana hata yeye, kwa jinsi nilivyopokewa, hakuwa na hakika kama anapenda kujulikana. Nilisikiliza muziki kwa dakika arobaini, kisha akaja binti mwenye sauti ya asali akaniuliza kama mimi ndiye mnunuzi wa kwanza, kama nina risiti, na kama nimeifungua bunduki. Kwa mawili ya kwanza nilisema kweli. Nilimwomba aniuzie pini mpya tu, kijichuma kisichozidi kidole changu. Akanieleza kwamba pini haiuzwi kwa mteja, hufungwa na fundi wa kiwanda peke yake, kwa hiyo sharti bunduki nzima isafiri. Mjomba wangu angelisikia kwamba jembe zima linapelekwa mkoa mwingine kwa ajili ya msumari mmoja, angelikaa chini kwanza.

Kabla ya kuisafirisha nilijaribu fundi bunduki wa mji wa jirani. Hakuniambia kasoro ilikuwa nini, ila aliniambia bei yake: dola 80 kwa saa, na hakuna kazi inayohesabiwa pungufu ya saa moja, hata kama itaisha kabla hajavaa miwani. Tena ikilala kwake usiku, sheria inamtaka aiandike kwenye kitabu chake cha mapokezi kwa namba yake na jina langu, kana kwamba imelazwa wodini. Aliishika kwa vidole viwili, akaniuliza nilinunua kwa kiasi gani, akatabasamu, kisha akanionyesha ukutani bunduki nyingine ya .22 iitwayo Ruger 10/22, muundo uliotoka 1964, ambao spea zake, alisema, zinapatikana hata kwenye duka la chakula cha mbwa. "Ungenunua hii," alisema. Nilimjibu kwamba ningeweza pia kuzaliwa tajiri.

Basi nikaenda posta. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu wa kawaida kumtumia mtengenezaji mwenye leseni bunduki ndefu ili aitengeneze, na hata kurudishiwa moja kwa moja mlangoni kwake bila kujaza tena ile fomu, na mimi nilikuwa nimezisoma kanuni hizo kwa bidii kuliko nilivyowahi kusomea mtihani wa darasa la saba. Hata hivyo, kusimama kwenye foleni nikiwa nimekumbatia boksi refu ambalo hata mpumbavu asingelidhania kuwa ni gitaa, nikiwa na lafudhi yangu ya Tabora, ni jambo lililonitoa jasho katika baridi ya Novemba. Karani aliponiuliza kama ndani kuna kitu kinachoweza kuvunjika, nilishindwa kujibu kwa sababu niliona kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kulielewa tatizo langu.

Ilirudi baada ya wiki tisa, ikiwa safi inang'aa, pamoja na karatasi iliyosema kwamba imejaribiwa kwa risasi 20 na kwamba kasoro haikuonekana. Nilifurahi kiasi cha kuwaita watoto washuhudie. Risasi ya kwanza ililia. Ya pili ikalia. Ya tatu, ta!

Aliyeniponya ni yule yule mzee mwenye shamba, ambaye alitukuta tukihesabu kwa pamoja, watoto wakiwa wamefika ishirini na mbili. Aliichukua bunduki, akaitoa bolti, akapitisha ncha ya kucha kwenye mdomo wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kisha akaniuliza swali ambalo kiwanda na fundi wa dola 80 hawakuniuliza: je, huwa naifyatua ikiwa tupu? Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba kila jioni, tangu niinunue, nilikuwa nikishuka chini ya nyumba, nahakikisha haina kitu, naulenga ukuta wa zege, na kuvuta kifyatulio mara thelathini au arobaini, kwa mazoezi, nikijiona askari. Mfaransa Flobert alipozibuni risasi za jamaa hii mwaka 1845 alikusudia watu wachezee sebuleni, lakini nadhani alitarajia watatia risasi. Pini ikikosa ganda la kuponda huuponda mdomo wa chemba yenyewe; siku baada ya siku yangu ilikuwa imeukunja ukingo wa chuma ukaingia ndani, risasi ikawa haikai sawasawa, na pigo la pini likawa linaishia kuisukuma badala ya kuiponda.

Mzee alikwenda kwenye gari lake akarudi na kifimbo cha chuma chenye ncha iliyochongoka, akakisokomeza ndani ya chemba, akakizungusha huku akiguna, akaukandamiza ule ukingo uliokunjika hadi ukarudi mahali pake. Zilimchukua dakika kumi. Tulipiga risasi hamsini na zote zikalia. Nilipomuuliza gharama alisema anapenda zile chapati za mke wangu, na nikaona mwembe mzima unaota katikati ya Iowa.

Ilikuwa tarehe 1 Machi. Msimu wa sungura ulikuwa umefungwa jana yake.

Kabla hajaondoka alinifundisha kwamba nikishindwa kabisa kuacha mazoezi yangu ya jioni, nichomeke ndani ya chemba kile kijiti cha plastiki cha njano kinachopigiliwa ukutani kabla ya kukaza skrubu, maana ukubwa wake unalingana na ganda la .22 na pini huishia kukiponda chenyewe. Nilikikuta nyumbani kwenye pakiti iliyofunguliwa, nikakitumia, kikachakaa, nikachukua kingine, na kingine. Juzi mke wangu ameniuliza kwa nini picha kubwa ya mama yake, aliyoninunulia vifaa vya kuitundikia tangu Krismasi, bado imekaa sakafuni.