Kabla hujalipia mazabodi, hesabu taa

Wiki iliyopita nimepita kwa shangazi yangu Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, ana kisteshenari chake pale cha kutoa kopi na kuchapa fomu za watu, nikamkuta kakaa nje kwenye kiti cha plastiki mchana kweupe, hana kazi. Shikamoo shangazi. Marahaba mwanangu, laptop imekufa. Fundi kaja kaitazama dakika tano kasema mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, imeungua, laki mbili na themanini, na shangazi alishaanza kuchomoa hela kwenye ada ya mtoto.

Nikaiwasha. Feni inazunguka, skrini nyeusi tii, lakini pembeni pale kwenye taa ya betri kuna kitu kinakonyeza. Machungwa, machungwa, inatulia kidogo, halafu nyeupe, nyeupe, nyeupe. Inarudia. Nikamwambia shangazi teremsha pazia la mlango tuone vizuri, tukahesabu wote wawili, yeye kwa sauti, mizunguko mitatu ili tusikosee: mbili, tatu. Mbili, tatu. Nikatafuta kitabu cha hiyo Dell kwenye simu, mbili na tatu maana yake haioni RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Basi. Mazabodi haijatajwa.

Tukafungua mfuniko wa chini, nikachomoa betri kwanza, nikatoa RAM. Yale meno yake ya rangi ya dhahabu yameshika ukungu wa kijivu, si mnaujua unyevu wa Tanga na huu upepo wa chumvi, nikayafuta taratibu kwa raba ya penseli aliyokuwa anauza mwenyewe dukani, nikairudisha mpaka vibanio vikalia ta. Ikawaka.

Jamani nimekasirika na hasira haijaisha mpaka leo. Simwiti yule fundi mwizi, naamini kabisa hakujua kwamba ile taa inasema kitu, lakini kama unachukua hela za watu kwa kazi hii basi kujua ni wajibu wako, maana laki mbili na themanini kwa mama wa steshenari ni kopi ngapi hizo? Aliyeiunda ile mashine alijua iko siku skrini haitawaka na hakutakuwa na maandishi ya kusoma, ndiyo akaweka taa iongee badala yake. Kila kampuni ina hesabu yake, usichukue ya hii ukaipeleka kwenye ile. Dell nyingi za miaka ya karibuni 2 na 1 ni prosesa, 2 na 7 ni skrini, HP wana zao za nyekundu na nyeupe. Desktop nyingine ukifungua ubavu utaona vitaa vinne vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuwashia), kinachobaki kinawaka ndicho kilipokwama. Mlango wa kebo ya neti ukichomeka hauwaki hata kidogo, anza na kebo, usikimbilie kupiga Windows upya. Ruta ya faiba ikiwaka LOS nyekundu ujue mwanga haufiki kwako kutoka nje, zima washa zima washa haikusaidii, wapigie kampuni ya neti.

Ndiyo, nakubali, taa haimalizi kila kitu. Mbili na tatu ingeweza kuwa RAM nzima kabisa na tundu lake ndilo bovu, hapo ungerudi kwenye mazabodi hiyo hiyo. Lakini unaanza na raba ya penseli kabla ya laki mbili, si ndiyo?

Halafu kuna hawa wa kuziba taa na solotepu nyeusi. Nimeingia ofisi moja juzi, ruta yote imebandikwa, eti taa zinaumiza macho, neti imekata na hakuna anayejua ni faiba, ni Wi-Fi au ni umeme. Kuumiza zinaumiza, hasa bluu. Taa za LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 60, bluu kali ikapatikana miaka ya 90, wanasayansi kina Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa Nobel ya fizikia 2014 kwa kazi hiyo na walistahili, bila wao hizi balbu nyeupe za LED majumbani tusingekuwa nazo. Ila tangu hapo kila kiboksi kina jicho la bluu linalomulika chumba kizima usiku. Ya ekstensheni, sawa, bandika. Kwa ruta ingia kwanza kwenye setingi, baadhi zina sehemu ya kuzima taa usiku na asubuhi ukaziwasha.

Na ukiwa na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, taa ni zako kabisa. Fungua /sys/class/leds, kila taa ambayo mfumo unaitambua ina folda yake, ndani kuna brightness, ukiandika 0 kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, inazima, na kuna trigger, hapo unachagua iwake kwa sababu gani, diski, neti au heartbeat, yaani mapigo ya moyo. Ukizima mashine inarudi ilivyokuwa mpaka uweke iandike yenyewe ikiwaka. Mimi Raspberry Pi yangu, kikompyuta kidogo cha kuhifadhia picha, haina skrini, nimeiweka heartbeat, inapiga mbili mbili kama moyo, kazi ikizidi mapigo yanakimbia, yakisimama najua imeganda hata nikiwa nimelala kitandani.

Shangazi kabandika karatasi ukutani nyuma ya laptop, kaandika hesabu zote kwa kalamu nyekundu. Jana usiku kanipigia, jirani wa saluni kamletea desktop aitazame, inawaka VGA, anafanyaje. Nimemwambia achomoe waya wa umeme, atoe kadi ya picha aikalishe upya mpaka chini, na ahakikishe kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi yenyewe. Nasubiri anijibu.