Isiah na Dumars au Billups na Hamilton? Mimi Nilishachagua

Wakikutana mashabiki wawili wa Detroit Pistons, timu ya mpira wa kikapu ya NBA, ligi ya Marekani, swali ni lilelile: ukipewa mchezo mmoja tu, wa kufa na kupona, namba moja (mpanga mashambulizi) na namba mbili (mfungaji wa nyuma) unawaanzisha akina nani? Isiah Thomas na Joe Dumars wa enzi za Bad Boys, Pistons wababe wa mwishoni mwa miaka ya 1980, au Chauncey Billups na Richard Hamilton walioleta ubingwa wa 2004? Nimebishana juu ya jambo hili mpaka usiku wa manane na sijachoka. Kilichonichosha ni namna tunavyobishana. Mtu anachukua pointi za huyu, anajumlisha na za yule, anaweka upande wa pili, kisha anatangaza mshindi. Hapo umepima watu wawili. Jozi bado hujaipima.

Mimi jozi naipima kwa swali moja: huyu angeshindwa kufanya nini kama mwenzake asingekuwepo?

Nimecheza namba mbili miaka mingi kwenye uwanja wa saruji, na namba moja niliyemzoea alikuwa na tabia yake. Kabla ya kunipa pasi alikuwa akinitazama magoti, si uso. Magoti yakishakunjwa, mpira huo hapo, umefika kifuani. Alipohama mtaa mitupo yangu ilianza kwenda kombo, nikadhani mkono umeharibika. Mkono ulikuwa uleule. Mpira ndio ulikuwa unafika umechelewa kidogo, na kidogo hicho kilitosha kunivuruga. Tangu hapo sijawahi kuamini takwimu za mtu mmoja zinazosomwa bila kumtaja aliyekuwa pembeni yake.

Nianze na Billups na Hamilton, kwa sababu wengi wanawachukulia kama jozi ya daraja la pili, na hiyo si haki hata kidogo.

Mwaka 2002 wote wawili walikuwa watu ambao timu nyingine zimewaachia. Boston walimchukua Billups wa 3 katika drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) ya 1997, na kabla msimu haujaisha wakampeleka Toronto. Akapita Denver, akapita Minnesota. Kote huko watu waliulizana kama huyu kweli ni namba moja. Hamilton alikuwa Washington, timu aliyokuwa akiichezea Michael Jordan wakati huo, na Detroit ilikubali kumtoa Jerry Stackhouse, mfungaji wake mkuu, ili kumpata. Bosi aliyewaleta wote wawili ndani ya kiangazi kimoja alikuwa Joe Dumars. Ndiyo, Dumars huyohuyo. Nusu ya jozi ya kwanza ndiye aliyeiunda jozi ya pili, kwa hiyo ubishi huu wote una mtu mmoja katikati yake.

Tafuta mkanda wowote wa Pistons wa kati ya 2004 na 2006, halafu usiutazame mpira. Mtazame Hamilton peke yake, na kile kinyago chake cha plastiki alichoanza kuvaa baada ya kuvunjika pua. Anaanzia kona ya kushoto, anatembea kama mtu asiye na haraka. Ghafla anakata chini ya kikapu, bega lake likipita karibu kabisa na kiuno cha Ben Wallace, jitu la ndani la Detroit, na anayemkaba anagota kwenye kifua cha Wallace kama aliyegonga mlango uliofungwa. Hamilton anaibukia upande wa pili, miguu imeshapanga, na mpira tayari uko mikononi. Anadunda mara moja, au hadundi kabisa. Anaruka, anatupa. Kama pasi haikuja anageuka na kurudi alikotoka, anaanza upya, na yule anayemkaba lazima amfuate tena. Kufika robo ya nne unaona mtu wa watu amejishika magoti, anahema.

Mpira ule haukuwa unamfikia kwa bahati. Billups alikuwa na kifua kipana kwa namba moja, anamweka mgongoni mpinzani mdogo na kusubiri, hana papara. Tena hukuweza kumwacha ukamsaidie mwenzako anayemkimbiza Hamilton, maana Billups mwenyewe angekuadhibu kwa mtupo wa pointi tatu. Ndipo wakaenda kwenye fainali za 2004 dhidi ya Lakers ya Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton, wakashinda 4-1. Katika mchezo wa tatu Lakers walimaliza na pointi 68. Sitini na nane, timu yenye majina yale. Billups akafunga wastani wa pointi 21 na kutajwa Mchezaji Bora wa Fainali. Tangu 2003 hadi 2008 Detroit ilifika fainali ya Mashariki, nusu moja ya ligi, kila mwaka, miaka sita mfululizo, na katika muda wote huo walioanza namba moja na mbili walikuwa ni hawa wawili. Anayewadharau hakuwatazama.

Sasa kwa nini siwachagui?

Sababu ya kwanza ni 2006. Timu ilikuwa imeshinda michezo 64, kisha Dwyane Wade akaja na Miami na kuwapita atakavyo, mfululizo ukaisha 4-2. Hawakuwa na mtu wa nyuma wa kumwambia, "Huyu ni wako, kaa naye mpaka mwisho."

Sababu ya pili inaniuma zaidi, kwa kuwa inatokana na swali langu mwenyewe. Novemba 2008 Dumars alimpeleka Billups Denver akamchukua Allen Iverson. Msimu huohuo Denver ikafika fainali ya Magharibi. Detroit, iliyobaki na Hamilton, ikashinda michezo 39 na kupoteza 43, ikatolewa 4-0 na Cleveland raundi ya kwanza. Hamilton alikuwa yuleyule, mbio zilezile, kinyago kilekile. Kilichopungua ni mtu wa kumfikishia mpira kwa wakati wake. Ule mwaka ulionyesha kwamba utegemezi ulikuwa wa upande mmoja: Hamilton alimhitaji Billups kuliko Billups alivyomhitaji yeye. Nampenda Hamilton kwa moyo wote, na bado nalisema.

Isiah na Dumars ni habari nyingine.

Mtazame Isiah kabla ya Dumars kuja. Msimu wa 1984–85 alitoa asisti (pasi za kufungia) 13.9 kwa mchezo, kiwango ambacho hata leo kinatisha, na Detroit ikaishia kutolewa na Boston raundi ya pili. Mtu alikuwa anabeba kila kitu. Analeta mpira, anaanzisha shambulizi, anafunga, kisha anarudi kumkaba mtu anayemzidi urefu, maana Isiah ana takribani sentimita 185 na ligi ile ilikuwa imejaa wachezaji wa namba moja na mbili warefu kuliko yeye. Kiangazi hicho Detroit wakamchukua Dumars, wa 18 katika drafti, kutoka McNeese State, chuo kisicho na jina kubwa huko Louisiana. Hakuwa mzungumzaji. Mpaka anastaafu 1999 hakuwa mzungumzaji, na hakuwahi kuvaa jezi ya timu nyingine.

Alichokileta kwanza ni kumtua Isiah mzigo wa kukaba. Mfungaji mkali wa upande wa pili, awe namba moja au namba mbili, ni wa Dumars. Tunazungumza sana juu ya zile Kanuni za Jordan, mpango wa kocha wa Detroit Chuck Daly wa kumzuia Michael Jordan akiwa Chicago, kana kwamba zilikuwa ni viwiko vya Bill Laimbeer, mbabe wao wa ndani, tu. Mambo yalianzia kwenye miguu ya Dumars. Jordan akiwa katikati juu, Dumars anasimama upande wa kulia wake, makalio chini, kifua karibu, mikono haigusi, anamlazimisha aende kushoto ambako msaada umeshapangwa. Harukii udanganyifu wa kwanza. Wala wa pili. Jordan alifunga, bila shaka, nani angemzuia asifunge kabisa? Lakini kila kikapu alikilipia kwa jasho, na Detroit iliitoa Chicago mwaka 1988, ikaitoa 1989, ikaitoa tena 1990. Jordan mwenyewe amemtaja Dumars miongoni mwa watu waliomkaba vizuri kuliko wote. Na wakati Dumars anafanya kazi hiyo, Isiah alikuwa huru kunyemelea pasi na kuvuta pumzi kwa ajili ya dakika za mwisho.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo linalomaliza ubishi. Fainali za 1989 dhidi ya Lakers, Isiah ni nahodha, ni sura ya timu, mwaka uliotangulia alifunga pointi 25 katika robo moja ya mchezo wa sita wa fainali akiwa ametegukwa kifundo cha mguu, na wakapoteza kwa pointi moja. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kusema huu ni mwaka wangu, nipeni mpira, ni yeye. Lakini akaona mkono wa Dumars umewaka, akampa. Dumars akafunga wastani wa 27.3, Detroit ikashinda 4-0, na Mchezaji Bora wa Fainali akawa Dumars. Mwaka uliofuata dhidi ya Portland ikawa zamu ya Isiah: wastani wa 27.6, tuzo ikaenda kwake. Ubingwa mara mbili, tuzo mbili, kila mmoja na yake. Hakuna aliyenuna. Nitajie jozi nyingine ya Detroit iliyofanya hivyo.

Na katika fainali hizo za 1990 kuna mchezo wa tatu, Juni 10, kule Portland, mahali ambapo Detroit haikuwa imeshinda tangu 1974. Baba yake Dumars alifariki siku hiyo, muda mfupi kabla ya mchezo kuanza. Dumars alijua baba anaumwa sana, na alikuwa ameshamwambia mkewe kwamba habari ikija wakati wa mchezo asiambiwe mpaka uishe. Akaingia bila kujua. Akafunga pointi 33, Detroit ikashinda 121-106, kisha akapelekwa kwenye simu. Akabaki na wenzake. Akacheza mchezo wa nne, akacheza wa tano, na ubingwa ukachukuliwa hukohuko Portland. Kila ninapousoma mwaka huo nasimama hapo kwanza.

Najua hoja itakayokuja: mchezo wa leo ni wa pointi tatu, na Isiah hakuwa mtupaji wa mbali wa kutegemewa. Ni hoja nzito, sitaikwepa. Ukiwaweka leo, Billups angezoea haraka zaidi, na pengine Isiah angeachiwa nafasi nje wamsubiri ndani. Lakini swali letu halisemi leo. Linasema mchezo mmoja, na kila jozi inakuja na zama zake na sheria zake. Hata hivyo, mtu aliyeweza kupita katikati ya watu watatu enzi ambazo kukaba kwa mkono kuliruhusiwa sina wasiwasi naye katika enzi ambazo ukimgusa tu filimbi inalia.

Hoja nyingine ni Vinnie Johnson. Wapo wanaosema Isiah na Dumars walibebwa na yeye akitokea benchi, na kweli, mtupo ulioleta ubingwa wa 1990 zikiwa zimebaki sekunde 0.7 ulikuwa wake. Sawa, lakini swali ni la wanaoanza. Na wale wazee wanaomtaja Dave Bing nawaheshimu: aliongoza ligi kwa kufunga msimu wa 1967–68, na baadaye akawa meya wa jiji la Detroit. Ila Bing hakupata wa kuanza naye aliyefika kiwango chake.

Jezi zote nne zimestaafishwa: 11 ya Isiah, 4 ya Dumars, 1 ya Billups, 32 ya Hamilton. Siku hizi mashabiki wamehamia kwa Cade Cunningham, wa kwanza katika drafti ya 2021, kwamba nani aanze pembeni yake. Msimu wa 2023–24 Detroit ilipoteza michezo 28 mfululizo, uliofuata ikashinda 44, kwa hiyo angalau sasa ubishi una utamu. Wengi wanataka mfungaji wa pili. Mimi nikimtazama Cade anarudi nyuma baada ya kufunga, macho yangu yanamwacha, yanatafuta nani amekimbia kumpokea mfungaji wa wale wengine.