Povu la mafuta mazito: linasukuma au linadanganya?

Viputo vya chai hupasuka mara vinapofika juu. Vya halua, kama anavyojua kila aliyekaa na mwiko mbele ya sufuria kule Mji wa Kale wa Mombasa, hupanda kwa uvivu, huvimba, kisha hukurushia tone la moto mkononi. Tofauti hiyo ndiyo inayobishaniwa kuhusu mafuta mazito, yaani yale mafuta ghafi ya ardhini yenye mnato mwingi, yasiyotiririka kwa urahisi.

Ndani ya mwamba, gesi huwa imeyeyuka kwenye mafuta. Kisima kikifunguliwa shinikizo hushuka na gesi hujitenga, kama soda iliyofunguliwa. Kwenye mafuta mepesi viputo huungana upesi, vikapata njia yao na kukimbilia kisimani, mafuta yakabaki nyuma bila wa kuyasukuma. Lakini Lloydminster huko Kanada, na ukanda wa Orinoco nchini Venezuela, visima vya mafuta mazito vilitoa mafuta kupita hesabu za wataalamu, tena yakiwa na povu kama mnazi uliogemwa asubuhi.

Wapo wanaosema mnato huvizuia viputo kuungana, basi vinasafiri na mafuta huku vikivimba na kuyasukuma. Ushauri wao ni kufungua kisima kwa kasi, kwa kuwa shinikizo likishuka ghafla huzaliwa viputo vingi na vidogo. Maabara zimewaunga mkono.

Wengine hujibu kwamba gesi haisafiri hata kidogo: imenasa kwenye vitundu vya mwamba, au inajikokota, na hilo peke yake latosha kuihifadhi nguvu yake. Isitoshe, Lloydminster mafuta hutoka na mchanga, nyuma yakibaki mapito kama ya mchwa. Nani atakayetenganisha kazi ya kiputo na kazi ya mchanga?

Mimi naegemea hawa wa pili, ila si kwa mwamba wote. Maabara hushusha shinikizo kwa saa au siku. Mwamba huchukua miaka, na povu likipewa muda hutulia. Karibu na kisima, shinikizo linapoporomoka, povu nalikubali. Mbali huko, naona gesi iliyonasa tu.

Na jambo moja la barazani kwetu. Tangu shehena ya kwanza ya Turkana iondoke bandarini Agosti 2019, wako wanaoyaita mafuta yale mazito kwa kuwa yalihitaji kupashwa moto. Yale huganda kwa sababu ya nta. Ubishi huu wa viputo hauyahusu.