Kalibre 12 ya mitutu miwili: ya porini ndiyo, ya chini ya kitanda hapana

Wawindaji wa Lubumbashi wanaotoka mjini Jumamosi kabla jua halijachomoza, wakashika njia ya Kasenga, wana ubishi mmoja usiokwisha. Bunduki ya kalibre 12, inayorusha marisaa (vipunje vidogo vya risasi) kwa mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ile waliyokuwa nayo wazee wa enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, bado ni chaguo la maana, au wakati wake umepita? Ubishi huo una mwenzake mzito zaidi, unaozungumzwa kwa sauti ya chini katika nyua za Katuba na Kampemba: je, baba wa familia afanye bidii awe na bunduki kama hiyo ndani ya nyumba? Watu huyachanganya maswali haya mawili, na ndipo wanapokosea. La kwanza najibu ndiyo, la pili najibu hapana, na kwa yote mawili upande wa pili una hoja zinazostahili kusikilizwa.

Wanaosema wakati wake umepita huelekeza kidole kwa bunduki yenye mtutu mmoja juu na mwingine chini. John Browning, fundi wa Marekani aliyefia Herstal karibu na Liège, Ubelgiji, mwaka 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha silaha cha FN, ndiye aliyeipa aina hiyo umaarufu; bunduki aliyoibuni yeye ilianza kuuzwa mwaka 1931. Faida yake ni ya kweli. Jicho linafuata mstari mmoja mwembamba badala ya kutazama juu ya mitutu miwili iliyotanuka, na mtutu wa chini unapolipuka pigo linakuja begani moja kwa moja bila kuitikisa bunduki upande. Ndiyo maana kwenye Olimpiki, wanaopiga visahani vinavyorushwa na mashine karibu wote wanashika bunduki ya aina hiyo. Kwa mashindano ya shabaha, mimi sina ubishi.

Lakini sisi hatupigi visahani. Wakati wa kiangazi, majani yakishaungua, kanga hujikusanya makundi makubwa chini ya miombo na hukimbia kwa miguu kwa muda mrefu kabla ya kukubali kuruka. Mwindaji anatembea saa nyingi juani, bunduki mkononi, kisha kila kitu kinatokea ndani ya pumzi mbili: wa kwanza anaruka hatua ishirini mbele yako, wa mwisho anaondoka wakati wenzake wameshafika mbali. Hapo ndipo bunduki ya ubavu kwa ubavu inapoonyesha ilitengenezwa kwa kazi gani. Kwa kawaida ina vifyatulio viwili. Cha mbele kinawasha mtutu wa kulia, ambao mdomo wake haukubanwa sana, kwa hiyo marisaa yanatawanyika mapema na yanamfaa ndege wa karibu. Cha nyuma kinawasha wa kushoto, uliobanwa zaidi, unaoyashikilia marisaa pamoja hadi mbali. Kidole kinachagua chenyewe, bila kubonyeza wala kugeuza kitu chochote. Ongeza kwamba iliyotengenezwa vizuri ina uzito wa kilo tatu tu hivi, na kwamba haihitaji kupinda sana ili uijaze, kwa sababu hakuna mtutu uliofichwa chini ya mwenzake.

Faida ninayoipenda kuliko zote ni ya usalama, na hiyo inashirikiwa na bunduki zote zinazovunjika katikati. Ukiifungua na kuining'iniza mkononi, kila mwenzako anaona mashimo mawili matupu, na mchana unapita ndani yake. Bunduki ya kujijaza yenyewe inaweza kuwa na risasi na isionekane kabisa. Katika kundi la watu sita wanaoruka mfereji au kupita chini ya matawi, tofauti hiyo ni uhai wa mtu.

Hoja nyingine ya wapinzani ni idadi: risasi mbili ni chache, na bunduki ya kujijaza inatoa tano. Kwa mtu anayetafuta nyama ya kuuza, hesabu hiyo inaeleweka, na sitajifanya sijui kwamba kuna familia zinaishi hivyo. Ila risasi ya tatu, ya nne na ya tano huenda kwa ndege walioshafika mbali, na ndege wa mbali hujeruhiwa zaidi ya anavyouawa. Mapori yetu ya Haut-Katanga yamekwisha kupungukiwa vya kutosha. Na hapohapo niseme kuhusu wanaoweka shevrotini (marisaa makubwa) au risasi moja nzito ndani ya kalibre 12, wakaenda nazo kutafuta mnyama mkubwa. Shevrotini ikirushwa kutoka mbali inamtoboa swala tumboni akafie kichakani asikopatikana, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila anayepita njia ile baada yako. Kalibre 12 ni bunduki ya ndege na wanyama wadogo.

Sasa, kuchagua. Za zamani tunazokutana nazo huku mara nyingi ni za Kibelgiji, na hilo si jambo baya. Mji wa Liège una ofisi ya kujaribia mitutu tangu mwaka 1672, na bunduki iliyopita huko ina muhuri wake chini ya mitutu: herufi ELG ndani ya umbo la yai, na taji juu yake. Ifungue bunduki katikati, toa mitutu, igeuze kwenye mwanga uitafute. Karibu na hapo tafuta pia urefu wa chemba, yaani mahali risasi inapolala. Hili wengi hawalijui, na ndilo lenye hatari kubwa. Bunduki nyingi za kabla ya vita ya pili zilichongwa kwa risasi ya milimita 65, wakati inayouzwa sana leo ni ya milimita 70. Utasema: si itakataa kuingia? Haikatai. Urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda lililokwisha kufunguka, kwa hiyo ile ya 70 inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 65 na bunduki inafunga bila shida. Inapolipuka, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka, unabana njia, na nguvu ndani inapanda kupita kiasi. Bunduki inaweza kuvumilia mara nyingi, halafu siku moja isivumilie.

Mitutu yenye michoro ya mawimbi kwenye chuma chenyewe ni chuma na pua vilivyosokotwa pamoja, kazi ya wakati wa baruti nyeusi. Ni mizuri kwa macho. Itundike ukutani, usiipe risasi za baruti isiyo na moshi.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo. Ning'iniza mitutu peke yake kwa kidole kupitia ndoano yake ya chini, uigonge taratibu kwa ukucha au kipande cha mbao. Ikilia kwa sauti ndefu na safi, kiunganishi kati ya mitutu miwili kimeshika. Ikitoa sauti iliyokufa, kimeachia mahali, na huenda maji ya mvua yameshaanza kula chuma kwa ndani. Kisha ifunge bunduki, shika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, uitikise. Isicheze hata kidogo. Hapa ndipo ubavu kwa ubavu unapoadhibu mwenye nayo: mitutu hiyo imeunganishwa kwa lehemu ya bati na moto mdogo, na fundi wa kuchomelea mageti akiigusa kwa umeme wake ameiharibu moja kwa moja. Asiyeweza kumpata fundi wa kweli anunue ya kisasa na ngumu, kama Baikal IZh-43 ya Kirusi, nzito na isiyo na urembo, lakini mitutu yake imepakwa kromu ndani na haiogopi masika yetu.

Swali la pili haliwezi kujibiwa bila kukumbuka tulikotoka. Mfalme Msiri alijenga ufalme wake Bunkeya, hapa Katanga, kwa shaba, pembe za ndovu na bunduki zilizotoka pwani zote mbili, akauawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka mmoja kabla, mkataba wa Brussels ulikuwa umezuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, nchi yetu ikiwemo, ukaacha magobore ya zamani. Na wanaotoka Mitwaba na Pweto wanajua silaha zilizotapakaa vijijini zilileta nini mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Wanaotaka bunduki nyumbani wanasema hivi: usiku polisi wako mbali, mbwa hulishwa sumu, ukuta hurukwa, na wezi wenyewe wana silaha. Baba afanye nini? Hofu hiyo ni ya haki, na hakuna anayelala mjini hapa asiyeijua. Lakini nyumba zetu zina vyumba viwili vitatu, watoto wamelala sebuleni, milango ni ya mbao nyembamba. Marisaa kutoka umbali wa mita nne hayaulizi nani yuko nyuma ya mlango. Ukiifungia bunduki na risasi zake mbali kama inavyopasa, hutaiwahi. Ukiiweka tayari chini ya kitanda, mtoto ataifikia kabla ya mwizi. Na habari kwamba nyumba fulani ina kalibre 12 ndiyo inayowaleta majambazi, maana wanaitaka kuliko televisheni.

Kisha kuna sheria. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka raia awe na kibali cha serikali, na sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inadai ruhusa nyingine ya kuwinda. Kibali ni cha mtu mwenye jina lililoandikwa. Baba akifariki, watoto wanarithi kabati, hawarithi kibali kilichomo. Hapa ninawaelewa wanaosita kwenda kuitangaza bunduki ya marehemu, wakihofia watashikwa, au itachukuliwa leo na kesho iwe mikononi mwa mtu mwingine. Njia ninayoiona nzuri ni kwenda na mwanasheria, mkiwa na hati ya kifo na karatasi zote za zamani, na kudai risiti yenye namba ya bunduki. Mwenye kuwinda kweli aombe kibali chake mwenyewe hapohapo. Asiyewinda aiache kwa serikali, hata kama ni Liège safi yenye sauti ya kengele.