Kuhesabu siku hakutakuonyesha aliyeleta ugonjwa

Mwanamume akikuta usaha kwenye nguo ya ndani, vidole huanza kuhesabu siku kurudi nyuma: nililala na nani, lini? Naipinga hesabu hiyo, kwa sababu inategemea dalili, na dalili haziji kwa wakati mmoja kwa watu wote.

Kisonono kwa mwanamume huwahi. Siku 2 hadi 5 baada ya ngono, mara chache wiki 2, mkojo unaunguza na usaha wa njano unatoka. Lakini mwanamke aliyelala naye anaweza kuwa na kisonono kwa miezi bila kuhisi chochote. Klamidia ni kimya zaidi: dalili zikija, huja wiki 1 hadi 3, na wanawake wengi hawazioni kabisa huku mirija ya uzazi ikiingia makovu. Kwa hiyo anayeanza kuumwa si lazima awe ndiye aliyeanza kuambukizwa.

Kaswende ndiyo inayodanganya kuliko yote. Kidonda hutokea kati ya siku ya 10 na ya 90, wastani siku 21. Kimoja, cha duara, ukikibonyeza ni kigumu kama gegedu la sikio, na hakiumi. Kikiwa kwenye shingo ya kizazi, mwenyewe hakioni. Baada ya wiki 3 hadi 6 hufunga chenyewe, na sifa zote huenda kwa mafuta au mizizi aliyotumia. Kumbe vimelea viko kwenye damu. Baadaye hutoka vipele hadi viganjani na kwenye nyayo, na kwa kawaida haviwashi. Pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa wenye vidonda, ni tofauti: siku 4 hadi 10, kidonda laini chenye maumivu makali. Malengelenge ya sehemu za siri hujitokeza siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa.

Kwa VVU, usisubiri dalili hata kidogo. Homa ya wiki ya 2 hadi ya 4 hufanana na malaria, na wengine hawaipati. Dawa za kuzuia maambukizi lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu ngono, mapema iwezekanavyo, kisha zimezwe siku 28. Kipimo cha damu ya kidole hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huchukua muda kuitengeneza dhidi ya virusi, kwa hiyo jibu hasi la wiki ya kwanza halijakuhakikishia kitu. Rudia baada ya miezi 3.

Tatizo jingine ni sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) za duka la dawa. Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza dawa za kundi hilo kwa kisonono mwaka 2016, kwa sababu vimelea vimekuwa sugu kwao. Usaha unaweza kupungua na ugonjwa ukabaki. Nenda kituo cha afya pamoja na mwenza wako, mtibiwe wote, na baada ya dawa ya dozi moja mkae siku 7 bila ngono. Mume aliyechomwa sindano peke yake ataambukizwa upya na mkewe asiye na dalili, kisha atahesabu siku tena, safari hii akimshuku mtu mwingine.