Usiige Rangi za Shanga, Iga Hesabu Yake

Kamba za vitambulisho, vikombe vya kahawa, kandambili, kuta za mikahawa ya Westlands: Nairobi nzima imejaa kinachoitwa mtindo wa Kimaasai. Ukisogea karibu, vingi ni picha tu ya shanga. Mtu alipiga picha ukosi wa shanga, akaikuza kwenye kompyuta, akaipeleka kwa mchapishaji wa vitambaa. Kilichopona katika safari hiyo ni rangi na pembetatu. Waulize wabunifu wetu ilhamu wanaitoa wapi, wengi watakujibu "kwenye utamaduni," na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi naona pambo la jadi ni chombo kilichopimwa na kurekebishwa kwa vizazi, na cha kuazima humo ni namna kinavyofanya kazi. Bega linakibebaje? Kinaonekana kutoka umbali gani? Kinalia vipi mvaaji akitembea? Kimefungwa kwa kitu gani, na kikikatika kinakatikia wapi? Mwenye majibu ya maswali hayo anaweza kuyatia kwenye taa, vazi la jukwaani au sanamu, na kazi yake isifanane hata kidogo na kibanda cha watalii.

Chukua ukosi bapa wa Kimaasai, ule mduara mpana unaolala mabegani. Tuseme tundu la shingo lina kipenyo cha sentimita 13 na ukingo wa nje sentimita 33, yaani utepe wa sentimita 10. Shanga za kioo za namba 10 zina kipenyo cha karibu milimita 2.3 (namba ikipanda, shanga inapungua ukubwa), na kila moja inachukua kama milimita 1.5 za urefu wa waya. Ukiziweka nyaya zako milimita 2.5 kutoka moja hadi nyingine, unapata duru 40. Hizo ni karibu mita 29 za waya na shanga zinazokaribia 19,000, kama robo kilo ya kioo. Waya wa milimita 0.6 unapita bila shida. Ukitumia mnene zaidi ukidhani utakaza umbo, shanga zenye tundu dogo zitakupasukia mkononi, hasa za bei rahisi ambazo hazilingani. Zile za Jablonec, huko Ucheki, zinapendwa na mafundi kwa sababu hiyo hasa: zinalingana.

Sasa hesabu yenyewe. Kila duru inaizidi ile ya ndani kwa karibu milimita 16, kwa sababu nusu kipenyo kimeongezeka milimita 2.5. Hizo ni shanga 10 za nyongeza kila mzunguko. Ongeza 7 tu na ukosi utaanza kujikunja kama bakuli. Ongeza 13 na ukingo utapiga mawimbi. Fundi mzoefu haandiki namba hizi popote. Anaulaza ukosi mahali tambarare kila baada ya duru chache na kuangalia kama umetulia.

Kinachoshikilia duru zisiteleze ni vijiti bapa vinavyotoka shingoni kwenda nje, vilivyotobolewa matundu. Zamani vilikuwa vya ngozi ya ng'ombe. Siku hizi vingi vinakatwa kutoka kwenye mitungi ya plastiki, ambayo hailegei ikilowa mvua. Hapa ndipo wanafunzi wa ubunifu wanapoharibikiwa. Wanatoboa kwa makadirio. Nafasi ya tundu ikikosewa nusu milimita, kosa linajirudia mara 40 na upande mmoja unakuwa mpana kuliko mwingine kwa sentimita 2. Toboa kijiti cha kwanza kwa rula, kisha kitumie kama kipimo cha vingine vyote.

Mbunifu wa taa aliyeielewa hesabu hiyo anaweza kuamua kwa makusudi kuongeza shanga 7 badala ya 10, akapata kifuniko cha taa chenye umbo la bakuli kinachojishikilia chenyewe bila fremu. Mtu akikitazama hatasema "ah, Maasai." Lakini kimetoka huko moja kwa moja, kuliko kikombe chochote chenye pembetatu nyekundu.

Rangi nazo zina utaratibu wake, na utaratibu huo unahusu umbali. Katika kazi nyingi za Kimaasai eneo kubwa la rangi moja hukatwa na mistari myembamba ya rangi pinzani: nyekundu na kijani, buluu na chungwa, huku nyeupe ikitenganisha. Jicho la kawaida, kwa umbali wa mita 10, haliwezi kutofautisha vitu vilivyo karibu kuliko milimita 3 hivi. Maana yake shanga ya milimita 2.3 inapotea kuanzia kama mita 8, na ukizichanganya nyekundu na kijani moja moja, aliye mbali ataona kahawia chafu. Ndiyo maana maeneo yanaachwa mapana: pambo linatakiwa lisomeke na mtu aliyeko ng'ambo ya uwanja.

Wanaoshona mavazi ya jukwaani wangeizingatia hiyo. Aliyekaa safu ya nyuma pale Kenya National Theatre yuko mbali zaidi ya mita 8. Vazi lililotiwa shanga ndogo kwa wiki nzima linaonekana kama doa. Tumia shanga za milimita 8 kwenda juu, au vipande vya rangi moja visivyopungua sentimita 3, na uweke mstari mweupe katikati. Halafu lijaribu chini ya taa za jukwaa zenyewe. Kioo kinarudisha mwanga. Plastiki nyingi inaunyonya na kufifia kabisa.

Jambo la pili ambalo picha haiwezi kulibeba ni mlio. Mpiga nyatiti wa Kiluo hufunga gara (njuga) mguuni na kuvaa oduong'o, pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu. Anapiga nyuzi nane kwa vidole huku pete ikigonga fremu ya mbao ya nyatiti na gara ikitikisika. Mapambo yake mawili ndiyo ngoma yake. Ukiwa mcheza dansi wa kisasa au mbunifu wa sauti, hapo pana mgodi: vazi ambalo mdundo wake unategemea mwendo, kwa hiyo mchezaji akichelewa, muziki nao unachelewa. Wanapwani wana msewe miguuni, kwingineko ni njuga. Tahadhari moja ya kiufundi: usibandike maikrofoni kifuani mwa mtu aliyevaa minyororo na vipande vya chuma. Itachukua mkwaruzo kuliko sauti. Iweke sakafuni karibu na miguu, au itundike juu ya jukwaa.

Wasanii wakubwa waliozaliwa mji huu wamelielewa hili muda mrefu. Wangechi Mutu alipopewa uso wa jengo la Metropolitan Museum, New York, mwaka 2019, alitengeneza wanawake wanne wa shaba waliokaa katika vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu jengo lilipokamilika 1902. Miili yao imezungushiwa koili kutoka shingoni kwenda chini, na kila mmoja ana sahani iliyong'arishwa kama kioo kwenye sehemu yake ya kichwa. Sahani zinatokana na mapambo ya mdomo ya wanawake wa hadhi, ila hakuna kabila unaloweza kulinyooshea kidole. Alichoazima ni kazi ya pambo: kumfanya mvaaji akae wima na mtazamaji asimamishwe na mng'ao kabla hajaona sura.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, anajenga vyungu kwa mkono bila gurudumu, anavisugua mpaka vinang'aa, kisha anavichoma. Mchomo wenye hewa ya kutosha unatoa rangi ya chungwa. Mchomo wa pili, chungu kikiwa kimefungiwa na vipande vya kuni vinavyokula oksijeni, unakifanya cheusi. Shingo na midomo ya vyungu hivyo inakumbusha mitindo ya nywele na vilemba, lakini hakuna shanga hata moja. Cyrus Kabiru naye anachukua waya na vyuma vilivyotupwa mitaani na kutengeneza miwani. Ukiivaa inabadilisha unavyotazama na unavyotazamwa, na hiyo ni kazi kongwe ya pambo la uso.

Pa kutazama hapapungui. Jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, lina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya, ghorofa ya chini: vito, vitambaa, sanamu kutoka bara zima, na mara nyingi ukumbi unakuwa mtulivu kiasi cha kukuruhusu kuchora. Makumbusho ya Taifa kule Museum Hill yana michoro ya Joy Adamson ya watu wa Kenya katika mavazi yao. Ni rekodi nzuri ya mahali kila kitu kilipokaa mwilini, ingawa watu walikalishwa wachorwe, na mtu aliyekaa kimya hakuonyeshi pambo likitembea. Kwa hilo nenda kwenye ngoma, au sokoni, ambako unaweza kukishika kitu mkononi.

Ukifika, chora kitu kimoja tu, kisha andika uzito wake, unene, nafasi kati ya sehemu, aina ya kishikizo na mahali palipolika. Palipolika ndipo penye habari kuliko kwingine kote. Uzi wa nailoni unakauka juani na kukatika karibu na fundo. Waya wa mabati unaota kutu shingoni kwa sababu ya jasho. Herini ya zaidi ya gramu 15 hivi inaanza kuvuta tundu la sikio. Baada ya hapo tengeneza kielelezo cha kadibodi cha ukubwa halisi na ukivae saa nzima, ukipanda ngazi na kuinama.

Kwenye karakana za Kibera zinazoyeyusha brasi, ile shaba ya manjano kutoka kwenye kufuli kuukuu na koki za mifereji, mafundi watakwambia mengine. Mchanga wa kalibu ukizidi maji, mvuke unatoboa kito vishimo. Ukiyeyusha chakavu kilekile mara nyingi, zinki inapotea kama moshi mweupe na rangi inazidi kuwa nyekundu. Moshi huo unaleta homa, kwa hiyo fanyia nje. Mfupa wa ng'ombe usiochemshwa vizuri kwa sabuni unabaki na mafuta, na miezi michache baadaye bangili inatoa madoa ya njano na harufu ambayo mteja hataisamehe.

Kanga nayo inaonewa sana. Ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (msemo ulioandikwa), na imepangwa ili jina lisomeke ikishafungwa mwilini. Mshonaji anaikata shati, jina linaishia kwapani.

Na si kila pambo la kushangilia. Miongoni mwa Wasamburu, shanga nyekundu ambazo moran humvisha msichana zimeambatana na desturi inayowaumiza wasichana wadogo, na wapo Wasamburu wenyewe wanaoipinga. Anayeweka rundo hilo la shanga kwenye jarida la mitindo ajue linabeba nini.

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka ridhaa ya jamii husika kabla ya matumizi ya kibiashara na kuzipa kaunti wajibu wa kuweka rejista. Wabunifu wengi hawajawahi kuifungua. Lakini hata kabla ya sheria kuna malipo ya fundi. Rudi kwenye ule ukosi wa shanga 19,000. Mtu akitunga shanga 1,000 kwa saa, ni saa 19 bila kuhesabu kutoboa vijiti wala kufunga ncha. Ukimlipa shilingi 1,500 kwa kipande, umempa chini ya shilingi 80 kwa saa, kisha wewe unauza kwenye galari kwa mara kumi ya hapo. Ziandike saa hizo kwenye kotesheni kwanza, kwa mstari wake, pamoja na jina la fundi kama amekubali litajwe, ndipo upange faida yako.